Kabla sijakukabidhi ufunguo: pa kufungia gesi, umeme na maji katika nyumba ya kupanga

Mpangaji mpya akifika kwangu Tabata, Dar es Salaam, namzungusha nyumba nzima kabla hatujasaini chochote. Nyumba yenyewe ni zile mnazozijua: korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko la pamoja, vyoo, bafu, simtanki juu ya mnara wa zege, na geti moja la kutokea. Kila chumba kina mtungi wake wa gesi na ekstensheni yake, na mara nyingi kuna dumu la kitu fulani chini ya kitanda ambalo mwenyewe hapendi nilione.

Ninachotaka aondoke nacho siku hiyo ni kujua pa kufungia. Gesi inafungwa wapi, umeme unakatwa wapi, maji yanafungwa wapi. Moto mwingi wa nyumbani na mafuriko mengi ya chumbani huanzia kwenye kitu ambacho kingefungwa kwa sekunde tatu, ila waliokuwepo walikuwa wanapiga mayowe na kutafuta simu warekodi. Mimi si askari wa Zimamoto wala fundi. Ni mama mwenye nyumba niliyeishi na wapangaji wa kila aina, na haya ndiyo ninayowaambia.

Jikoni

Siku hizi karibu kila chumba kina ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Aliyejipanga vizuri ana wa kilo 15 na jiko la pleti mbili. Kilichomo ni propani na butani, na zote ni nzito kuliko hewa. Kwa hiyo gesi ikivuja haipandi darini. Inashuka, inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kitanda na kujaa kwenye kona. Kufungua kidirisha cha juu ukarudi kukaa hakusaidii kitu. Fungua mlango mpaka mwisho, maana njia yake ya kutokea iko chini. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu ya kitu kilichooza imetiwa makusudi ili pua ikushtue, basi usiizoee, wala usiifukizie udi.

Pa kufungia ni kwenye mtungi. Kitufe cha jiko ni cha kuongeza na kupunguza moto tu. Mpira ukipasuka usiku na mtungi uko wazi, kile kitufe hakikusaidii lolote. Ukimaliza kupika, funga mtungi kwanza, acha gesi iliyobaki kwenye mpira iungue iishe, ndipo uzime jiko. Kwa mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu, ambao hauna mpira, geuza kitufe mpaka kikate kabisa, halafu sogeza pua uhakikishe.

Kila unapobadilisha mtungi, pima uvujaji. Koroga sabuni ya maji kwenye kikombe, chovya sponji, paka kwenye regulata, kwenye maungio yote na urefu mzima wa mpira, ukiwa umefungua mtungi lakini jiko limezimwa. Mahali panapovuja povu litavimba lenyewe na kuendelea kuvimba. Funga, kaza au badilisha, pima tena. Nimewahi kumkuta mtu mzima na familia yake akipitisha kiberiti kilichowashwa kando ya mpira "aone kama unavuja". Nilimnyang'anya kile kiberiti. Mpira wenyewe ukianza kuwa mgumu au kuonyesha nyufa ukiukunja, nunua mwingine, na ufungwe kwa klipu za chuma, siyo kamba ya katani.

Kuna tabia nyingine ya Dar, ya kuulaza mtungi ubavu gesi inapokaribia kuisha ili "imalizike yote". Mtungi ukilala, kinachoingia kwenye mpira ni gesi ikiwa bado maji, na maji hayo yakigeuka hewa hutanuka zaidi ya mara 200. Moto wa ugali unageuka kuwa moto wa nyumba. Mtungi husimama wima siku zote, hata kwenye bodaboda ukienda kuubadilisha.

Ukisikia harufu, usiwashe taa. Na kama taa inawaka, usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche ikiwashwa na ikizimwa. Usiwashe feni, usipige simu ukiwa humo ndani. Funga mtungi, fungua mlango, waambie wa jirani wazime majiko ya mkaa, toa watoto. Hewa iliyobaki ipepee kwa kanga kuielekeza mlangoni. Mtungi ukibebwa nje, ubebwe wima na uwekwe mbali na mtaro, maana gesi itafuata mtaro kama maji.

Moto ukiwa unatoka shingoni mwa mtungi, lowesha taulo zito, jifunike nalo mkono, fika upande ambao moto hauelekei, funga. Moto unakufa wenyewe kwa kukosa chakula. Kama hapafungiki, usiuzime moto huo kwa njia nyingine yoyote. Ukiuzima, gesi itaendelea kutoka bila kuwaka, itajikusanya, na itapata cheche yake mahali pengine ikiwa nyingi zaidi. Hapo ni kutoa watu na kupiga 114, namba ya Zimamoto.

Mafuta ya kukaangia nayo yana kanuni yake. Mpangaji wangu wa chumba cha mwisho anakaanga maandazi ya kuuza alfajiri, karai kubwa lisilo na mfuniko wake. Tumetafuta sinia la bati pana kuliko karai, linaning'inia kwenye msumari kando ya mlango, pale mkono unapofika bila kuvuka moto. Mafuta yakishika moto: zima jiko, telezesha sinia juu kuanzia upande wako kwenda mbele, acha. Usifunue "kuangalia", maana mafuta bado ya moto na hewa ikiingia yanawaka upya. Usilibebe karai kulikimbiza nje. Na maji, hapana kabisa. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini yake, yanageuka mvuke ghafla na kutanuka mara 1,700 hivi, na mvuke huo unarusha mafuta yanayowaka mpaka darini na usoni kwako.

Anayeungua, mwache mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu, mtoto atalia, mshike hapo hapo. Dawa ya meno, asali, yai, unga wa ngano, vyote viacheni dukani. Vinafungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kukwangua.

Jiko la mkaa halilali ndani. Masika mvua ikinyesha watu huliingiza chumbani wapate joto na kumalizia maharage, wanafunga mlango, wanalala. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyeivuta husikia usingizi na kichwa kuuma tu. Barazani, chini ya bati, hata mvua ikinyesha.

Umeme kwa ufupi

Main swichi iko koridoni, upande wa kushoto ukiingia, juu ya kimo cha mtoto. Namwambia kila mmoja aizime na kuiwasha mbele yangu, hata wanaume wanaosema wanajua. Waya ukinuka kuungua au soketi ikitoa moshi, zima pale kwanza. Baada ya hapo ndipo unaweza kufikiria unga wa mtungi wa kuzimia moto, mchanga au maji. Kabla ya hapo maji ni hatari kuliko moto wenyewe.

Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi, na soketi moja imekusudiwa kubeba ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni wati 3,000 kasoro kidogo. Jagi la kuchemshia maji hula karibu 2,000, pasi zaidi ya 1,000. Ukiviweka vyote kwenye ekstensheni moja ya bei poa umeshavuka, na anayetangulia kuyeyuka ni waya mwembamba ulioupitisha chini ya zulia. Hita ya kuchovya kwenye ndoo nimeipiga marufuku kwangu, wapangaji wananuna, sawa.

Umeme ukikatika, tumia tochi ya simu. Mshumaa ukiwashwa kando ya chandarua, chandarua cha nailoni kinayeyuka na kudondosha matone ya moto juu ya aliyelala. Dawa ya mbu ya kuzungusha iwekwe kwenye kisahani cha bati, mbali na pazia.

Madumu ya chini ya kitanda

"Shikamoo mama. Ni lita mbili tu, za kesho asubuhi."

"Marahaba mwanangu. Basi zilale kwenye tenki la pikipiki, na pikipiki ilale uani."

Huyo ni kijana wangu wa bodaboda, na tumeshayazungumza haya mazungumzo kwa sura mbalimbali. Mafuta ya taa yanahitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto. Petroli haihitaji kupashwa. Mvuke wake unashika hata kwenye baridi ambalo Dar hatutaliona milele. Na kama gesi, mvuke huo ni mzito na unatambaa. Dumu likivuja chumba cha tatu, jiko linalowaka chumba cha tano linatosha. Waliosahau wakumbuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, ikawaka, wakafa zaidi ya 100. Lori likipinduka barabarani unaenda upande wa pili, hata kama jirani anarudi na ndoo imejaa.

Petroli ikimwagika uani: hakuna kuwasha kitu, hakuna sigara, pikipiki isipigwe kiki, isukumwe. Mwaga mchanga mkavu, anza pembeni kuja katikati ili isisambae. Tuna ndoo mbili za mchanga kando ya bafu kwa kazi hiyo, na watoto wanajua si wa kuchezea. Mchanga ukishanyonya, kusanya kwa koleo, uache mahali pa wazi mbali na nyumba mpaka harufu iishe. Usimwagie maji. Petroli inaelea juu yake na kusafiri nayo mpaka mtaroni, na mitaro ya huku kwetu inaishia bonde la Msimbazi, ikipita kwenye milango ya watu.

Usihifadhi mafuta ya taa, Jik wala maji ya betri kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ya kula ili atapike. Yakipanda tena yanaingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mbebe hospitali, na chupa uende nayo.

Asidi ya betri ikimrukia mtu, maji mengi yanayotiririka, dakika 20, nguo zivuliwe hapo hapo bila kuona aibu. Ikiwa sakafuni, mwagia magadi kidogo kidogo mpaka povu liache, ndipo uoshe. Kwenye choo, usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi. Vinatoa gesi ya klorini, na choo chetu kina kidirisha cha ukubwa wa daftari. Ukikohoa na macho yakiwasha, toka, acha mlango wazi, usirudi kumalizia kupiga deki. Taa ya mirija ikivunjika ina zebaki kidogo ndani: fungua madirisha, toka robo saa, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na gundi ya utepe, siyo ufagio unaotawanya.

Pa kutokea

Hapa nitawaudhi wenye nyumba wenzangu. Tumeziba madirisha yote kwa nondo kwa kuogopa wezi, na mlango tunaufunga kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao baba aliyelala fofofo. Moto ukianzia mlangoni, humo ndani ni tundu. Kwangu kila chumba kina dirisha moja ambalo grili yake ni ya bawaba, ina kufuli, na ufunguo unaning'inia ukutani ndani, mbali na mkono wa anayechungulia kutoka nje lakini karibu na mkono wa aliyelala. Fundi wa kuchomelea anaifanya kwa siku moja. Geti nalo lina ufunguo wa pili koridoni.

Moshi ukijaa, tambaa. Hewa ya kuvuta iko chini. Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kufungua, ukiwa wa moto tafuta njia nyingine. Nguo ikishika, lala ubiringike. Ukishatoka umetoka. Vyeti vinapatikana tena, hata vya kidato cha nne.

Mtungi mwekundu wa kuzimia moto, wa unga mkavu, uko koridoni. Mshale uwe kwenye kijani. Vuta pini, simama hatua kadhaa ukiwa mgongo wako unaelekea mlango, elekeza chini kwenye shina la moto, minya, fagia kushoto na kulia. Unga hauchukui hata nusu dakika kwisha, kwa hiyo ni wa moto wa ukubwa wa ndoo. Moto ukizidi hapo, ondoka.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Wanachohitaji ni mtaa, kinachoungua, na kama kuna mtu ndani. Kile kibao cha anwani ya makazi tulichowekewa wakati wa operesheni ya mwaka 2022, kabla ya sensa, kisomeni na kukikariri. "Nyumba ya geti la bluu karibu na kwa Mangi" Tabata ziko mia. Ukishapiga, tuma kijana wa bodaboda barabarani alisubiri gari na kuliongoza, na mwingine atoe magari yaliyoegeshwa kwenye kichochoro. Kuwatukana askari kwamba wamechelewa wakati Noah ya jirani imeziba njia ni kazi bure.

Maji

Mtu ataniuliza, una simtanki la lita 2,000 juu, unaogopa moto wa nini? Presha ya maji hutokana na kimo. Kila mita 10 za kwenda juu ni ba 1 tu (ba ni kipimo cha presha). Mnara wangu ni wa mita nne, hiyo ni ba 0.4, inatosha kuoga na kukoga miguu. Mpira wa bustani hapo hautaruka kufika kwenye paa. Kwa hiyo chini tuna pipa lenye mfuniko na ndoo za lita 10, maana ndoo ya 20 ikijaa mama wa watu hawezi kuirusha. Mfuniko ni lazima, mbu wa dengi hupenda maji safi yaliyotulia.

Maji ya bomba ya jiji hili kwa sehemu kubwa ni ya Mto Ruvu, yanayosafishwa Ruvu Juu kule Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, na kusukumwa kwa pampu za umeme. Mto ukipungua, kama Oktoba 2022, jiji zima linaingia mgawo. Umeme ukikatika mitamboni, bomba linakauka hata kama mto umefurika. Na bomba lililokauka chini ya ardhi, kila palipo na ufa linavuta tope na uchafu wa nje. Ndiyo maana maji yakirudi ni ya kahawia. Usiyaingize kwenye tanki. Funga koki ya kuingilia kwenye simtanki, fungua bomba la uani, mwagilia mchicha mpaka yatakate.

Uvutaji huo huo ndio sababu ya sheria yangu ngumu kuliko zote: mpira wa maji hauachwi umezama kwenye ndoo. Unafua, umeweka Jik na sabuni, mpira umo ndani, maji yanakatika ghafla. Bomba linanyonya kile kilichomo kwenye ndoo yako na kukipeleka kwa wengine. Mdomo wa mpira ukae juu ya maji, nafasi ya kiganja. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Unawanyang'anya majirani na unavuta uchafu wa mtaa mzima. Jaza tanki la chini kwanza, pampu ivute humo.

Ya kunywa yachemke mpaka yatokote kwa nguvu angalau dakika moja, au utumie vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, usubiri nusu saa. Yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, vinginevyo dawa inamalizwa na tope. Maji ya kisima cha chumvi, kuchemsha hakutoi chumvi. Na maji yanayonuka mafuta hayachemshwi, hayachujwi, hayanywewi. Funga, toa taarifa.

Pa kufungia maji ni pawili: geti valvu baada ya mita, na koki inayotoka kwenye tanki. Bomba likipasuka chumbani ni ile ya tanki ndiyo ya haraka, kwa sababu lita 2,000 ziko juu ya kichwa chako hata bomba la mtaani likiwa kavu.

Bili ikipanda, watu wanaanza kutuhumiana nani anafua sana. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Usiku, watu wote wakishalala, funga koki zote, tanki likiwa limejaa na boya lake limefunga, nenda kwenye mita na tochi, tazama kile kinyota kidogo. Kikisimama tuli, hakuna uvujaji, bili ni ya ndoo zenu. Kikizunguka, kuna mahali panavuja baada ya mita, hilo ni langu na fundi anakuja kesho. Anayebisha, twende wote tukatazame.